Pedali ya Kushoto

Wiki iliyopita mliniacha nimesimama kwenye geti la gereji na kioo kipya cha pikipiki mkononi, mtaa mzima ukikimbilia kiwanda cha mbao, ambako baba mkwe wangu alikuwa ameingia na pikipiki yake kwenye rundo la mbao. Wengi mmeuliza kwa nini mimi, mkwe na fundi, sikukimbia. Leo nawaambia. Mkimaliza kusoma, mnicheke au mnitukane, mtakavyo.

Aliyejiunga leo asipotee. Baba mkwe alikuwa mkaguzi wa nguzo za simu, na maisha yake yote ya kazi aliyapitisha juu ya pikipiki ya Kiingereza ya silinda mbili, nzito, inayovuja oili popote inapoegeshwa. Idara yao iliponunua magari, yeye aliagana na idara, hakuagana na pikipiki. Mama mkwe huiita mwenzangu. Ukibisha hodi kumuulizia Baba, atakujibu bila kucheka, "Leo zamu si yangu, yuko kwa mwenzangu."

Mimi ndiye niliyekuwa nikiitunza. Nimewasimulia nilivyozunguka kuitafutia vipuri: pete za pistoni nilizozipata kwenye pampu ya maji iliyokufa, bushi nilizochongesha kwa fundi mashine, nati za inchi ambazo spana zetu za kawaida huziparua tu. Baba alipoona nimenuia, alinikabidhi kopo lake la spana za inchi, na akanipa ruhusa ya kuiboresha.

Umeme wa volti sita utoke, uingie wa kumi na mbili. Akakubali. Platini za kurushia cheche zing'oke, uwekwe mfumo wa kielektroniki. Akakubali. Breki ya diski mbele, kutoka kwenye pikipiki ya kisasa. Hapo alinung'unika kidogo, kisha akakubali. Sharti lake likawa moja tu.

"Juu fanya utakavyo," aliniambia. "Chini, kwenye miguu, usiguse. Pale ni pangu."

Pikipiki hizi za zamani za Kiingereza, gia yake iko mguu wa kulia na breki ya nyuma iko kushoto. Za siku hizi zote ni kinyume. Mguu wa Baba ulijifunza hivyo ujanani na haukuwahi kujifunza vingine.

Mimi nikabadilisha.

Nilipitisha chuma chini ya injini kutoka kulia kwenda kushoto, nikahamishia gia kushoto na breki kulia, nikachomelea masikio mawili kwenye fremu ya kushikilia mtambo huo. Kazi ilikuwa safi, hata leo nasema. Ile pedali ya zamani ya breki, ya kushoto, sikuiona kuwa na maana tena. Niliitupa kwenye gunia la chuma chakavu, na gunia likachukuliwa.

Wala sikuyafanya hayo kwa ajili ya Baba. Alikuwa ameniahidi kwamba siku atakaposhindwa kuendesha, pikipiki itakuwa yangu. Mguu wangu mimi umezoea za kisasa. Basi nikaanza kuishona nguo kwa kipimo changu wakati mwenyewe bado kaivaa.

Sasa kuna kanuni ya gereji za mtaa wetu ambayo hata walevi huiheshimu. Chombo kilichofanyiwa kazi na hakijajaribiwa hufungwa kitambaa chekundu kwenye hendeli. Kitambaa kikiwepo, hata mwenye mali hawashi. Kikiondolewa, maana yake fundi amejaribu na ameridhika.

Siku ile nilikifunga, kisha nikakifungua mwenyewe ili nipige picha. Kuna watu wenye uwezo wao wanaotoka na pikipiki za zamani kila Jumapili, na kiongozi wao, wanayemwita Kapteni, alikuwa amenidokeza kwamba nikiwa na chombo nitakaribishwa. Nikamtumia picha. Akajibu, "Nzuri, ila mbona ina chongo?" Kioo cha upande mmoja hakikuwepo. Nikatia kitambaa mfukoni, nikaenda mbio dukani kutafuta kioo.

Baba alifika nikiwa dukani. Akaikuta inang'aa, haina kitambaa. Nilikuwa nimeiacha ndani ya gia ya pili, na nje ya geti ni mteremko; akateremka nayo, akaachia klachi, ikawaka, akaondoka bila kugusa gia.

Ndiyo maana sikukimbia. Niliposikia watu wanapiga kelele, nilitia mkono mfukoni kutafuta simu, nikakishika kile kitambaa.

*

Nilifika wa mwisho, hata mwenye duka la dawa, ambaye hajawahi kuacha duka lake wazi, alikuwa ameshafika.

Baba alikuwa amelazwa juu ya mbao, mguu wa kulia umepinda mahali ambapo mguu haupindi, uso umejaa vumbi la randa. Wafanyakazi walikuwa wakimpepea kwa kofia zao.

"Nimekanyaga breki," aliniambia aliponiona. "Nimekanyaga mpaka mwisho, Fundi. Badala ya kusimama, ikanguruma ikanirusha."

"Usiongee, Baba. Pumzika."

"Nilikanyaga kushoto." Akaitazama miguu yake. "Au nilikanyaga kulia?"

Wale wafanyakazi wakatazamana. Mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Uzee, jamani." Nilimsikia vizuri, nikainama kumfuta Baba vumbi usoni.

Walimpeleka hospitali kwa gari la kiwanda. Mke wangu na mama yake wakapanda naye. Mimi nikasema nabaki niiondoe pikipiki njiani isije ikaleta ajali nyingine. Watu wakanisifu kwa busara yangu.

Tuliisukuma hadi gereji, ambayo iko ubavuni mwa nyumba yetu. Waliponiacha peke yangu nikafunga geti, nikatoa kopo la spana za inchi, nikaanza kufungua. Nimewahi kufanya kazi na njaa, nimewahi kufanya kazi na homa. Sikuwahi kufanya kazi kwa kasi ile.

Kile chuma cha chini nikakitoa. Masikio niliyochomelea nikayakata, nikasugua makovu yake kwa msasa, nikapaka rangi nyeusi. Gia nikairudisha kulia. Nilipofika kwenye breki ndipo nikakumbuka kwamba pedali sina.

Mke wangu alinikuta nimepiga magoti. Alikuwa amerudi kuchukua blanketi la baba yake, akapitia mlango wa nyuma.

"Unafanya nini?"

"Naangalia uharibifu."

Akakitazama kile chuma pale sakafuni, na yale masikio mawili, na brashi iliyolowa rangi. Mke wangu amekulia nyuma ya ile pikipiki. Alikuwa akimshika baba yake kiuno kabla hajajua kusoma. Haikumchukua muda.

"Ulihamisha gia."

Nikaweka spana chini.

"Baba alikukataza."

"Nilitaka kumshangaza."

"Umemshangaza," akasema.

Akakaa juu ya tairi bovu, blanketi mapajani. Nikamweleza yote, Kapteni, picha, kitambaa. Hakulia wala hakupandisha sauti, na afadhali angefanya moja kati ya hayo.

"Utamwambia leo," akasema. "Wewe, kwa mdomo wako. Mimi sitamwambia. Nikimwambia mimi nitakuwa nimekushtaki, na Baba atakuwa na aibu mbili, ya mkwe na ya binti."

"Leo hii," nikamjibu. Nikaapa kwa mama yangu aliyelala kaburini.

*

Kweli nilikwenda na nia. Njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi. Baba, nina jambo. Baba, kosa si lako. Niliyapanga maneno vizuri mpaka nikaanza kujihurumia.

Wodini nikamkuta Dada Mkubwa. Huyu ni shemeji yangu, dada wa mke wangu, na hilo jina tunamwita sote, hata mama yake. Anasimamia ofisi yenye watu wengi, na sisi anatuhesabu kama tawi. Tangu nioe hajawahi kunikabidhi jambo lolote zito kuliko kubeba viti.

"Amechanganya kushoto na kulia," aliniambia badala ya salamu. "Watu wa kiwandani wamesema. Mimi nilikuwa nasema siku nyingi, mzee haachiwi chuma kama kile."

Baba alikuwa ameinuliwa mguu, plasta mpaka pajani. Akawaomba waliokuwepo watupishe kidogo, aongee na fundi wake. Dada Mkubwa akatoka, lakini kivuli chake kikabaki upande wa pili wa pazia.

"Niambie kweli," Baba akasema.

Nikaona nafasi ndiyo hiyo. Nikavuta pumzi.

"Kitambaa kilikuwepo?"

Nikavuta stuli karibu na kitanda, nikakaa.

"Nilitazama hendeli," akaendelea. "Mimi huwa natazama, unanijua. Sikuona kitambaa. Lakini kama kilikuwepo na sikukiona, afadhali nijue. Nijue nilivyo."

Kilikuwa mfukoni mwangu. Suruali ilikuwa ileile, nilikuwa nakihisi pajani. Na kile kivuli cha pazia hakikutikisika.

"Kilikuwepo, Baba," nikasema.

Akafumba macho.

"Haya," akasema. "Asante kwa kutonificha."

Mke wangu alikuwa ananisubiri kwenye ngazi. "Umemwambia?"

"Kulikuwa na watu."

"Kesho basi."

"Kesho," nikasema.

*

Kesho yake sikwenda hospitali. Nilikwenda kutafuta pedali.

Nilianzia kwa mnunuzi wa chuma chakavu, tunayemwita Sumaku, maana chuma kikianguka popote mtaani humfikia yeye. Nilimkuta amekaa katikati ya mabati na majiko yaliyochoka, anatenganisha shaba na alumini.

"Ile pedali? Mbona nimeshaiuza," akasema. "Gunia zima alilichukua fundi wa mageti. Kwani ina nini? Wewe mwenyewe uliniambia ni uchafu."

"Nimeona ina maana."

"Maana gani?"

"Kumbukumbu," nikasema. "Ya mzee wangu."

Nilijua ninapomgusa. Juu ya meza yake Sumaku ameweka kengele ya baiskeli ya marehemu kaka yake, na hajawahi kuiuza hata alipokuwa hana kitu. Akaacha shaba yake, akanyanyuka.

"Ungesema mapema. Hiyo nitakutafutia, Fundi. Nikiipata nitakuletea mwenyewe, popote utakapokuwa."

Nikamshukuru, nikaondoka. Kumbukumbu, mimi. Nilikuwa naichafua hata kengele ya marehemu.

Wakati yeye anatafuta, mimi nilihitaji ya kuziba pengo. Kinyozi wa kona ana pikipiki ya Kiingereza iliyokufa zamani, ameiweka dukani kama pambo, na wateja huwakalisha watoto juu yake wakisubiri kunyolewa.

"Nipe pedali ya breki," nikamwambia.

"Nikikupa, watoto watakanyaga nini?"

"Nikupe taa. Taa kubwa, mpya, inawaka."

Ilikuwa taa niliyomtafutia Baba kwa jasho wakati tunabadilisha umeme, na ajali haikuigusa. Kinyozi akaigeuza mkononi, akacheka mpaka mteja wake akaogopa wembe.

"Unatoa jicho unachukua kidole cha mguu," akasema. "Fundi, wewe umechanganyikiwa kuliko mzee wako."

Habari ilikuwa imeshafika kwenye kiti cha kunyolea. Wateja wawili walitikisa vichwa kwa huruma. Mmoja akasema baba yake naye alianza hivyohivyo, na baadaye akawa haitambui nyumba yake. Nikapokea pole zao zote, nikazibeba pamoja na pedali.

Ilikuwa ya toleo jingine. Niliichonga, nikaiwekea bushi, ikakaa. Nikaifunga taa ya zamani ya Baba pale pale ilipokuwa. Kwa asiyejua, ile pikipiki haikuwahi kuguswa miguu.

Kisha nikakitoa kile kitambaa mfukoni, nikakifunga kwenye hendeli, mahali nilipomwambia Baba kilikuwepo.

*

Baba aliporudi nyumbani na magongo yake, hakuwa yule aliyetoka.

Alikuwa akifunga bomba, anamwita Mama mkwe aje athibitishe kwamba amelifunga. Lilikuwa limefungwa. Aliacha kujinyoa ndevu, anasema haamini mkono. Ukimuuliza jambo dogo, kwamba gazeti liko wapi, alikuwa anakaa kimya kwanza, anajikagua, ndipo anajibu, na jibu lilikuwa sahihi kila mara.

Siku moja nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, amefumba macho, anagusa goti moja kisha la pili, midomo inacheza.

"Kushoto ni huku, siyo?" akaniuliza.

"Ndiyo, Baba."

"Leo nimepata," akasema, akatabasamu kwa haya.

Nilitoka nikaenda kusimama nyuma ya tangi la maji. Nikanawa uso, nikarudi ndani, nikamwambia plasta inaendelea vizuri.

Mke wangu alikuwa ameacha kuniuliza. Aliniwekea chai mezani, akanitazama, akaondoka. Kuna jioni nilimfuata jikoni nikamwambia, "Niulize basi." Akaendelea kukausha vikombe.

Dada Mkubwa ndiye aliyeita kikao. Jumamosi alasiri tukakusanyika sebuleni kwa wakwe, viti vimesogezwa ukutani, kila mtu kavaa kana kwamba kuna mgeni. Baba alikuwa ameomba pikipiki iletwe, nami nikaiegesha barazani, mbele ya dirisha.

"Nimeshaongea na mpangaji," Dada Mkubwa akaanza. "Nyumba hii itapangishwa. Baba na Mama mtahamia kwangu, chumba cha nyuma kiko tayari. Baba hataendesha chochote, hatawasha jiko, hatatoka peke yake."

"Na bustani yangu?" Mama mkwe akauliza.

"Mama, tunaongelea usalama."

"Mimi nimeolewa na mtu mwenye akili zake. Alilala nazo, akaamka nazo, akanywa nazo chai, akapanda pikipiki. Sasa mnaniambia zimemwagika njiani. Zilimwagikia wapi, tukazoe?"

Baba akamshika mkono.

"Mke wangu, mwache mtoto. Anasema kweli. Nilikanyaga nisipopajua. Na kitambaa kilikuwepo, Fundi alikiona, mimi sikukiona. Kitambaa chekundu, mchana kweupe. Mtu wa hivyo anaachiwaje nyumba?"

Mke wangu akageuza kichwa polepole, akanitazama. Yote nilikuwa nimemwambia, lakini kwamba nilimdanganya Baba kitambaa kilikuwepo, hilo nilikuwa nimelimeza.

Nikasimama.

"Baba, kuna jambo."

"Ngoja," akasema, akainua mkono. "Na mimi nina jambo, na siku hizi nikichelewa nalipoteza. Njoo hapa."

Nikaenda. Akatoa ufunguo wa pikipiki kwenye mfuko wa shati.

"Nilikuahidi, siku nikishindwa. Nimeshindwa. Na nataka wote wasikie kwa nini nakupa wewe. Tangu nilazwe, kila mtu ananibembeleza. Madaktari, wanangu, mama yenu. Huyu peke yake nilimuuliza swali gumu akanijibu bila kunionea huruma."

Akauweka ufunguo kiganjani mwangu, akanikunjia vidole kwa mkono wake mwenyewe.

"Basi nimebakiwa na mume peke yangu," Mama mkwe akasema, akijifuta macho kwa ncha ya khanga. "Na hivi alivyo, simtaki peke yangu."

Dada Mkubwa akainuka. Akaja mpaka nilipo, akanishika bega.

"Shemeji, mimi nimekudharau miaka yote," akasema. "Nisamehe."

Wala hakuna aliyeniziba mdomo. Ningeweza kusema palepale. Nikasema, "Hakuna neno, Dada," nikarudi kukaa.

Ndipo tukasikia hodi.

*

Sumaku alikuwa amevaa shati safi. Alisimama mlangoni na kifurushi cha gazeti mkononi, akatusalimia mmoja mmoja kwa adabu zote.

"Mnisamehe kwa kuingilia. Gereji wameniambia Fundi yuko kwa wakwe, na mimi nilimwahidi nitamletea popote." Akafungua gazeti. "Nimeipata, Fundi. Fundi wa mageti alikuwa ameiweka pembeni aifanye komeo. Nikamwambia hapana, hiyo ni kumbukumbu ya mtu."

Akainyoosha kwangu. Lakini aliyekuwa karibu na mlango ni Baba, na mkono wa Baba ulikuwa umeshafunguka.

Akaipokea. Akapitisha dole gumba juu ya chuma, mahali palipolika kwa soli ya kiatu chake, mpaka kwenye mikato aliyoipiga mwenyewe kwa tupa ili mguu usiteleze wakati wa mvua. Dole gumba lilikwenda moja kwa moja, halikutafuta.

"Hii ni yangu," akasema.

Akatazama dirishani, ilipo pikipiki.

"Na ile iliyoko pale ni ya nani?"

Nikafungua mdomo. Dada Mkubwa alikuwa anamtazama Baba kwa huruma, anadhani ndiyo yaleyale.

"Ilivunjika kwenye ajali, Baba."

Alikuwa mke wangu. Sauti yake haikutetemeka.

"Mume wangu aliitupa akaweka nyingine, usije ukaiona ukaumia. Baadaye akajuta, ndiyo akamwomba huyu bwana aitafute."

Tangu nimfahamu, sijawahi kumsikia akimdanganya baba yake hata kwa mambo ya utani. Alikataa kunishtaki, hilo nililijua. Kwamba angejichafua ili kunifunika, mbele ya dada yake, sikulijua. Kitu cha kwanza nilichokihisi ni nafuu. Nawaambia kweli, nafuu ilitangulia. Aibu ilifika baadaye, ikanikuta tayari nimeshapumua.

"Alaa," Baba akasema. "Umepata mume anayejali."

Akatikisa kichwa taratibu. Akawa kama anairudisha ile pedali kwenye gazeti, kisha akasita. Akainyanyua usawa wa uso, akafumba jicho moja, akaitazama kwa urefu wake, kama alivyokuwa akitazama nguzo zake kujua zimesimama sawa au zimelala. Akaigeuza, akaitazama upande wa pili. Halafu akailaza juu ya kioo cha meza, akaigusa kwa kidole. Haikucheza.

"Mwanangu," akasema, na hakuwa ananiambia mimi. "Kitu kilichovunjika, mbona kizima? Mbona hata hakijapinda?"

Mke wangu akainamisha macho.

Baba hakumngoja. Yale macho ambayo tangu hospitali yalikuwa yakituuliza kila kitu, saa hii hayakuwa yanauliza ruhusa. Akamgeukia Sumaku, ambaye bado alikuwa wima pale mlangoni kwa kuwa hakuna aliyemkaribisha kiti.

"Bwana, hii ulipelekewa lini? Kabla sijaanguka, au baada?"

Sumaku akanitazama. Mke wangu akanitazama. Ufunguo ulikuwa umelowa jasho kiganjani mwangu. Jibu tulikuwa nalo sisi watatu, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa bado nasubiri atakayelisema asiwe mimi.